Bibi Aliyesoma Mabakuli ya Mawe

Marehemu Mary Leakey anapotajwa, watu wengi hukumbuka fuvu la Olduvai na nyayo za Laetoli, mambo mawili yaliyompa jina duniani kote. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kabla ya hayo, bibi huyu alikaa miezi mingi juu ya kilima kidogo karibu na mji wa Nakuru, akisoma vyombo vya nyumbani: mabakuli ya mawe, sahani za mawe, michi, na vigae vya vyungu ambavyo mafundi wake waliacha kuvitengeneza zamani za kale. Makala haya yanahusu zaidi sehemu hiyo ya maisha yake, kwani ndiko alikojifunza ile kazi iliyomfikisha alikofika.

Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufunzwa thamani ya chombo cha kale. Katika majumba ya mawe ya Lamu, zidaka za ukutani zilijengwa zipambwe kwa sahani na mabakuli ya kauri. Makaburi ya nguzo ya Mambrui, na yale ya Kunduchi karibu na Dar es Salaam, yalitiwa vyombo vya Kichina katika chokaa yake. Wako akina bibi miongoni mwetu ambao, ukiwaonyesha kigae chenye nusu ya ua, watakwambia ni sahani ya namna gani, ililetwa wakati gani, na kwa nini siku hizi haipatikani tena madukani. Tena sahani ya Ulaya ina msaada wake: ukiigeuza, mara nyingi utaona muhuri wa kiwanda. Bakuli la jiwe la Bonde la Ufa halina muhuri wala jina la fundi. Muhuri wake ni pale mahali lilipolala ardhini. Alhasili, hilo ndilo somo la maisha ya Bibi Mary.

ASILI YAKE

Alizaliwa London tarehe 6 Februari, 1913, akaitwa Mary Douglas Nicol. Baba yake, Erskine Nicol, alikuwa mchoraji wa picha, na alikuwa na desturi ya kusafiri na mkewe na binti yake katika nchi za Ulaya akitafuta mandhari ya kuchora. Huko Ufaransa kusini-magharibi, mtoto Mary aliyaona mapango yenye picha za watu wa kale, akaokota mawe yaliyochongwa na kuyapanga kwa sura na kwa namna zake. Baba yake alifariki mwaka 1926, Mary akiwa na miaka 13 tu.

Mama yake, Cecilia, alikuwa wa ukoo wa Frere, na jina hilo si geni kwa mtu wa Mombasa. Ni ukoo wa Sir Bartle Frere, aliyekuja Unguja mwaka 1873 kwa shauri la kukomesha biashara ya watumwa, na ambaye jina lake lilipewa mtaa wa Freretown, upande wa Kisauni, walikowekwa watumwa walioachwa huru. Katika ukoo huo huo alikuwamo mzee John Frere, ambaye mwaka 1797 aliandika habari za mawe yaliyochongwa na watu wa kale, yaliyochimbuliwa Hoxne katika Uingereza. Alitaja mawe hayo yalikutwa kina gani na chini ya tabaka zipi za udongo. Ni kama kwamba kitukuu alirithi desturi ya babu yake.

Shuleni Mary hakudumu. Alitiwa katika shule za watawa, akafukuzwa mara mbili: mara moja kwa kukataa kusoma mashairi mbele ya watu, na mara nyingine kwa kusababisha mlipuko katika chumba cha kemia. Hakupata cheti, wala chuo kikuu hakikumpokea kuwa mwanafunzi wa shahada. Alichofanya ni kuhudhuria mihadhara mjini London, ikiwa ni pamoja na ile ya Mortimer Wheeler, bingwa wa uchimbuzi aliyefika mwenyewe pwani yetu mwaka 1955 na kuwazindua wataalamu juu ya wingi wa kauri za Kichina zilizomo katika magofu ya Kilwa. Kisha Mary akafanya kazi chini ya Bibi Dorothy Liddell huko Hembury, Devon, akichimba na kuchora.

Kuchora ndiko kulikomfungulia mlango. Bibi Gertrude Caton-Thompson, aliyekuwa akiandika juu ya Fayum katika Misri, alimwajiri amchoree mawe yake. Mwaka 1933 bibi huyo huyo akamjulisha kwa Dakta Louis Leakey, kijana aliyezaliwa Kabete na wazazi wamishonari, ambaye alikuwa akitafuta mchoraji wa kitabu chake. Kazi ikazaa mapenzi, na mapenzi yakazaa maneno mengi, maana Dakta Louis alikuwa na mke na watoto. Ndoa ile ya kwanza ikavunjika, na mkesha wa Krismasi wa mwaka 1936 wakaoana Louis na Mary. Mapema mwaka 1937 wakaja Kenya. Mumewe alikuwa na kazi ya kuandika mila za Wakikuyu; na Mary, punde tu baada ya kufika, akashikwa na kichomi kikali hata akachungulia kaburi.

KILIMA CHA PIMBI

Alipopona alitafuta kazi yake mwenyewe. Nje kidogo ya mji wa Nakuru, upande wa kwenda Nairobi, kuna kilima cha mawe kiitwacho Hyrax Hill, kwa sababu ya pimbi waliokuwa wakiishi katika miamba yake. Kusini yake huonekana ziwa la Nakuru, na kaskazini nchi inapanda kuelekea Kabatini na Bahati. Siku zile sehemu hizo zilikuwa mashamba ya walowezi wa Kizungu, na wenyeji hawakuwa na sauti juu ya ardhi wala juu ya vilivyomo ndani yake. Mwenye shamba alitoa ruhusa, na mwaka 1937 Mary akaanza kuchimba, akaendelea mpaka 1938. Alikuwa na umri wa miaka 24.

Alikuta mambo ya nyakati mbalimbali katika mahali pamoja. Kulikuwa na makaburi 19 ya wafugaji wa kale, yaliyofunikwa kwa mawe. Kulikuwa na mabaki ya makazi ya watu wa karne za karibuni zaidi, pamoja na mashimo mapana ya duara. Kulikuwa na mabao yaliyochongwa juu ya mwamba, ya mchezo ule ule wa bao tuujuao pwani. Zilipatikana hata sarafu za Kihindi, ishara kwamba bara na bahari hazikuwa mbali kama wengine walivyodhani.

Lakini jambo lililomshangaza zaidi ni vyombo. Katika makaburi yale ya kale, wanawake walizikwa pamoja na sahani au mabakuli ya mawe, na wanaume hawakuwekewa kitu. Hapana shaka jambo hilo lina maana. Chombo kilikuwa mali ya mwanamke, au alama ya kazi yake na heshima yake, kwa kadiri ambayo watu wake hawakuona vyema kumtenga nacho hata katika mauti. Mtu yeyote aliyeona jinsi kinu, mbuzi ya kukunia nazi au sinia ya shaba inavyoitwa kwa jina la mama fulani miaka mingi baada ya yeye kufariki, hatapata shida kufahamu.

Mwaka 1938 Mary na mumewe walichimbua pango kando ya mto Njoro, magharibi ya Nakuru. Humo walikuta mabaki ya watu wapatao 80, waliochomwa moto kabla ya kuzikwa, na ilielekea kwamba kila mmoja aliwekewa bakuli la jiwe, mchi wake, na jiwe la kusagia. Moto ule ule uliounguza miili ulihifadhi vitu ambavyo kwa kawaida huoza: vipande vya vibuyu, kamba na vikapu, hata chombo cha mti kilichochongwa nakshi nzuri. Zilikuwamo pia shanga za mawe ya rangi. Wakati huo haikuwapo njia ya kupima umri wa makaa. Njia hiyo ilivumbuliwa mwishoni mwa miaka ya 1940. Makaa ya Njoro yalipokuja kupimwa, yakaonyesha umri wa miaka 3,000 au zaidi kidogo.

Msomaji wetu huenda akauliza: je, ni vyema kufukua makaburi ya watu? Swali hilo ni la haki, nasi tuliofunzwa kwamba maiti ana heshima yake kama aliye hai hatuwezi kulipuuza. Waliolala pale hawakuwa na jamaa aliyejulikana wa kuwasemea. Lililo la hakika ni kwamba Bibi Mary hakuwafanyia ujambazi. Kila kaburi lilichorwa kama lilivyokuwa, kila chombo kikaandikwa kilikuwa upande gani wa mwenyewe, na habari zote zikachapishwa: za Hyrax Hill mwaka 1945, na za Njoro mwaka 1950.

ELIMU YA KIGAE

Sasa tutazame jinsi vyombo vya namna hii vinavyotambuliwa. Mtaalamu hutazama kwanza udongo wenyewe, kama ni laini au umechanganywa na mchanga. Kisha hutazama unene, mdomo wa chombo, na kitako chake. Mwisho hutazama nakshi: imechorwa kwa ncha, imepigwa kwa kitana, au imeviringishiwa kamba iliyosokotwa wakati udongo ungali mbichi. Kila jamaa ya wafinyanzi ilikuwa na mkono wake, kama vile kila kijiji cha pwani kilivyo na mkono wake wa kusuka mkeka.

Katika Bonde la Ufa namna hizo ni nyingi. Iko iitwayo Nderit, ambayo imejaa nakshi za vidomo vidogo kama ususi wa kikapu, na mara nyingi ina mikwaruzo hata upande wa ndani. Iko ya Narosura, yenye mikanda ya nakshi iliyowekewa mipaka. Iko ya Akira, nyembamba mno na iliyong'arishwa. Iko ya Elmenteita, ambayo kwa sehemu kubwa haina pambo lolote. Na iko ya Lanet, ya karne za karibuni, ambayo hujulikana kwa alama za kamba. Lanet hiyo ni ile ile iliyo mlangoni mwa Bahati. Jina la kituo cha reli limekuwa jina la namna ya chungu.

Majina haya hayakuwa hivi tangu mwanzo. Dakta Louis, katika kitabu chake cha mwaka 1931, aliviita baadhi ya vyombo hivi kwa jina la Gumba, watu ambao Wakikuyu husimulia kwamba waliishi katika nchi yao kabla yao. Baadaye ilionekana si vizuri kumpachika mtu chungu ambacho hatuna hakika kama ni chake, na vyombo vikapewa majina ya mahali vilipopatikana. Katika kazi hiyo ya kupanga upya alikuwamo msomi wa Kikenya, Simiyu Wandibba, aliyechapisha maelezo yake mwaka 1980. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu vigae vya waliomtangulia vilikuwa vimehifadhiwa pamoja na maandishi yake.

Kadhalika yale mashimo ya duara. Kwa muda mrefu wataalamu walidhani watu waliishi ndani yake. Baadaye uchunguzi wa John Sutton na wenzake, uliofika mpaka Hyrax Hill katika miaka ya 1980, ulionyesha kwamba yalikuwa mazizi ya ng'ombe ya watu waitwao Sirikwa, na nyumba zilijengwa ubavuni mwake. Waliotangulia walikuwa na dhana isiyo sahihi, lakini michoro ilikuwa sahihi. Kumbukumbu njema humsahihisha hata aliyeiandika.

JINA LINAVUMA

Baada ya Nakuru maisha yake yalikwenda mbio. Alichimba Olorgesailie wakati wa vita vikuu vya pili, huku akilea watoto. Mwaka 1948 aligundua katika kisiwa cha Rusinga, ziwa Nyanza, fuvu la mnyama wa jamii ya nyani wa zamani sana. Mwaka 1951 alikaa Kondoa, Tanganyika, akinakili picha zilizochorwa miambani, kazi aliyoitolea kitabu mwaka 1983.

Tarehe 17 Julai, 1959, mumewe akiwa kitandani kwa homa, Mary alikuwa akitembea peke yake Olduvai alipoona mfupa ukichungulia kwenye udongo. Lilikuwa fuvu lililovunjika vipande mia kadhaa, naye akaviunganisha kimoja kimoja, kama aliyezoea kuunganisha vigae. Dakta Louis alilipa jina la Zinjanthropus, akilitoa katika neno Zinji, jina ambalo Waarabu wa kale, akiwamo msafiri al-Masudi, waliliita pwani yetu. Hivyo jina la nchi ya Waswahili likaingia katika vitabu vya dunia. Juu ya asili ya mwanadamu kila mwenye imani ana neno lake, nasi hatuingii katika mjadala huo hapa. Mwaka 1978, akiwa mjane tangu kifo cha mumewe mwaka 1972, aliongoza kazi ya kufunua nyayo za Laetoli, zilizokanyagwa katika majivu ya volkeno miaka milioni tatu na nusu na zaidi iliyopita. Vyuo vikuu vilivyokuwa havimpokei vikampa heshima ya udaktari. Alifariki Nairobi tarehe 9 Desemba, 1996, akiwa na miaka 83.

Katika nchi za Wazungu ilizoeleka kusemwa kwamba watu wa nyumba ya Leakey walikuwa na bahati. Neno hilo lina ladha ya pekee kwa kuwa pale jirani na kilima chake cha kwanza ndipo penye Bahati yenyewe. Lakini aliyefuata maisha yake ataona kwamba bahati ile ilikuwa na jina jingine, nalo ni subira. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Bibi Mary aliinama miaka sitini.

TUNALOPASWA KUJUA

Kilima cha Hyrax Hill kilitangazwa kuwa mahali pa kumbukumbu ya taifa mwaka 1943, na mwaka 1965 nyumba ya shamba iliyopo pale ikafanywa jumba la makumbusho. Vyombo vyenyewe havikuishia kilimani. Baada ya uhuru mashamba makubwa ya Bahati, Dundori na Kabatini yaligawanywa kwa maelfu ya wakulima waliotoka sehemu mbalimbali za nchi, na katika nchi hiyo yote ya Bonde la Ufa, mabakuli ya mawe yamekuwa yakiibuka mbele ya jembe na plau. Mengine yaliingia katika nyumba za watu yakawa mapambo, na hakuna aliyeandika yalitoka wapi. Bakuli la namna hiyo ni zuri kulitazama, lakini limekuwa bubu. Haliwezi kusema kama lilikuwa la mwanamke au la mwanamume, la jikoni au la kaburini. Wataalamu mpaka leo hawajakubaliana juu ya kazi za mabakuli haya, na sababu mojawapo ni kwamba mengi yaliondolewa mahali pake kabla ya kusomwa.

Sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na urithi wa taifa inamtaka aliyegundua kitu cha kale atoe habari kwa Makumbusho ya Taifa. Mkulima wa Bahati akigonga jiwe lililochongwa, na akiweza kuliacha lilivyolala, aweke alama na kupeleka habari Hyrax Hill, atakuwa amefanya kazi ile ile ya Bibi Mary, tena bila ya safari.

Na sisi wa pwani tusijione tumesalimika. Wanunuzi wa vitu vya kale wamepita Lamu, Pate, Mombasa na Unguja miaka mingi, na sahani zilizokaa kidakani vizazi vitatu zimeondoka kwa fedha kidogo. Pamoja nazo yameondoka majina ya waliozileta, merikebu waliyokuja nayo, na harusi zilizopakuliwa ndani yake. Mwenye sahani ana haki ya kuuza mali yake. Lakini kabla haijatoka mlangoni, na amwite bibi wa nyumba amweleze habari zake, aandike katika daftari: ilikuwa ya nani, ilikaa ukuta gani, ililetwa na nani, mwaka gani. Bibi huyo naye ana siku zake, na akiondoka hapana fundi wa kuchimbua yaliyokuwa moyoni mwake.